Bega Badala ya Pembe: Besi ya Mkato Mmoja Imefika Kolwezi

Imefika! Besi ya mkato mmoja, nyuzi sita, mbao tupu isiyopakwa rangi, imefika Kolwezi, na mimi nimeishika. Nimeining'iniza begani, nimeichomeka kwenye amplifaya ya kwaya, nimeipigia sebene, ile sehemu ya kuchezesha, mpaka mpiga ngoma akaomba maji. Ninaandika haya vidole vya mkono wa kulia vikiwa bado vinawaka, kwa hiyo anayetaka maoni ya mtu aliyetulia amtafute mpiga kinanda.

Mwenyewe ni fundi umeme wa mgodini ambaye Jumapili hupiga besi katika kanisa moja huku Manika. Ameniomba nisitaje jina lake wala jina la kiwanda, maana anaujua mtaa wake. Sawa. Ninachotaka kukisifu si nembo iliyo kichwani mwa gitaa. Ni umbo, na umbo hili siku hizi linachongwa na mafundi wengi, kuanzia karakana za mtu mmoja hadi viwanda vikubwa. Hata kampuni ya Ibanez iliwahi kutoa mfululizo wa SRSC wenye nyuzi tano na sita.

Kwa asiyeijua, tuanze hapo. Besi tuliyoizoea, ile ya kila nganda, yaani baa, kuanzia Likasi hadi hapa, ina pembe mbili, moja juu na moja chini, na shingo inapita katikati. Mpango huo ni wa mwaka 1951, Leo Fender alipotoa Precision Bass kule California, na karibu kila besi ya bei nafuu inayovuka mpaka wa Kasumbalesa ni mjukuu wake. Sasa chukua besi hiyo, uuzibe mwanya wa juu. Chini ubaki mkato mmoja tu, wa kuupisha mkono wa kushoto ufikie noti za juu. Upande wa juu mwili usiachane na shingo. Upande nayo kwa mstari mrefu, mpaka karibu na freti ya 12. Pembe imekwisha, umepata bega. Mbao ni nyingi, sikatai. Kijana mdogo wa kwaya alipoiona ikitolewa kwenye begi alimuuliza mwenyewe kwa unyenyekevu kabisa: “Yaya, ii ni gitare ao ni meza?”

Tukacheka hadi tukaketi. Halafu taa zikawashwa, na hakuna aliyecheka tena.

Uso wake ni wenge, ule mti mweusi wenye michirizi myembamba ya kahawia iliyosimama wima, na kwa sababu umbo hili lina bega, michirizi haikatwi mapema kama kwenye besi ya pembe mbili. Inaanza kwenye daraja, inapanda, inapanda tena, na jicho linaifuata hadi nusu ya shingo bila kukwama popote. Shingo ni vipande vitano vilivyogundishwa, wenge na maple vikipokezana, cheusi cheupe cheusi cheupe cheusi, na inapita mwilini kote hadi mkiani. Hakuna skrubu. Ukiigeuza, nyuma hakuna kile kisigino kikubwa cha kukwaruza kiganja. Shingo inayeyuka tu ndani ya mwili, na mwili umechongwa mahali pa mbavu na mahali pa kiwiko. Niliigeuza mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu. Mwenyewe alikuwa keshaniomba nivue mkanda wa suruali ili bizimu isiikwaruze, na nilivua bila kubishana, mbele ya kwaya nzima.

Wapo watakaoiona mbaya. Mpiga solo wetu alisema imevimba upande mmoja, na ni kweli imelemea. Ndicho ninachokipenda. Besi ya pembe mbili inajitahidi kukuridhisha kila upande. Hii imeweka mbao pale zinapofanya kazi, ikaondoa pale zinapozuia mkono, basi. Ukishaielewa hivyo, ukirudi kwenye pembe mbili unajiuliza ile ya juu ilikuwa inafanya nini.

Na jibu lipo! Pembe ya juu ilikuwa inashika mkanda. Fender aliirefusha ili kitufe cha mkanda kisogee kuelekea katikati ya shingo, la sivyo shingo ndefu yenye funguo nzito kichwani ingekuwa inaanguka chini kila ukiachia mkono. Wapigaji wa huku tunaijua hiyo taabu: mkono wa kushoto unapiga noti na papo hapo unabeba gitaa. Ibada ya Jumapili ni ya saa nyingi, na sebene ya mwisho haina kengele ya kuimaliza. Katika besi ya mkato mmoja kitufe kimekaa juu kabisa ya bega, jirani na freti ya 12. Nilisimama, nikaachia mikono yote miwili, nikaitazama. Ilibaki ilipo, imelala kwa mshazari kifuani, haishuki wala haipandi. Nikatikisa kiuno kidogo, ikarudi mahali pake. Wallahi, hilo peke yake lingetosha kunifanya niiandike.

Umbo hili lina mzazi. Anthony Jackson, mpiga besi wa New York, yule wa “For the Love of Money” ya The O'Jays ya mwaka 1973, alikuwa na hoja moja aliyoing'ang'ania: besi ni mwana wa ukoo wa gitaa, gitaa lina nyuzi sita, kwa nini besi ipunjwe mbili? Mwaka 1975 fundi Carl Thompson alimtengenezea ya kwanza. Baadaye Jackson akahamia kwa Fodera, karakana iliyoanzishwa Brooklyn mwaka 1983, na huko, kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, ndiko mwili ulikopandishwa ukaikumbatia shingo kwa namna hii tunayoiona. Nyuzi zake kutoka chini ni si, mi, la, re, sol, do. Ndizo hizihizi za hii ya Manika. Ya Jackson ilifikia urefu wa inchi 36 kati ya nati na daraja, sentimita 91 na ushei, naye alikuwa akipiga ameketi. Hii yetu ni inchi 35. Besi ya kawaida ni 34. Unaweza kudhani inchi moja ni kitu kidogo. Subiri tufike kwenye ule uzi wa si.

Kwanza noti iliyokufa. Kila mpiga besi anaijua, hata kama hana jina la kuiita. Kwenye uzi wa sol, kati ya freti ya 5 na ya 7, besi nyingi za shingo ya kufunga kwa skrubu zina noti moja ambayo ukiipiga inasema neno lake na kunyamaza, wakati jirani zake bado zinaimba. Sababu ni kwamba shingo nayo hutetemeka, na pale mtetemo wake unapolingana na wa noti, shingo inainyonya nguvu ya uzi. Tuliileta besi ya zamani ya kwaya, tukapiga do ya freti ya 5, mwenyewe ameshika simu akihesabu sekunde. Ikafa upesi. Tukapiga ileile kwenye mkato mmoja. Jamani! Ilikaa. Ilikaa mpaka mama mmoja wa sauti ya pili akauliza kama tumemaliza. Nikapanda freti moja moja, nusu toni kwa nusu toni, nikitafuta shimo, sikulipata. Sitaapa kwamba kazi yote ni ya bega. Wenge yenyewe ni mbao ngumu, na vipande vitano vilivyogundishwa havipindi kirahisi. Lakini sehemu ya shingo iliyobaki hewani, huru kutetemeka inavyotaka, ni fupi, na hilo unaweza kulipima kwa rula.

Noti za juu sasa, maana hapo ndipo kila mtu ana wasiwasi. Mtu akiona mwanya wa juu umezibwa anadhani mkono utagonga ukuta. Haugongi. Vidole vya mkono wa kushoto huingia kutoka chini, na chini mkato umeingia ndani kabisa. Kidole gumba kiko nyuma, kinateleza juu ya mbao laini isiyo na kisigino. Freti ya 20 niliifikia bila kukunja kifundo. Ya 24 pia, ingawa sijui niifanyie nini. Mwenye kupata shida ni yule anayekunja gumba lake juu ya shingo, likachungulia upande wa pili. Na hapa Katanga tuko wengi, tulijifunza hivyo kwenye magitaa makavu, yasiyo ya umeme. Chini ya freti ya 10 hakuna tatizo. Ukipita hapo, gumba linakutana na bega, na bega halibishani. Unalirudisha nyuma ya shingo, mahali ambapo walimu wanasema lilipaswa kuwa tangu mwanzo, na unaendelea na safari.

Nimetaja magitaa makavu, basi nisimame kidogo hapa, maana hapa ndipo besi hii iliponimaliza. Nchi hii ya shaba ilikuwa na besi kabla ya besi: ilikuwa kidole gumba. Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930, Bunkeya hiihii iliyo ndani ya Lualaba ya leo, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya sasa, mwaka 1952, akiwa na gitaa moja. Ukimsikiliza katika “Masanga” unatafuta mtu wa pili, na hayupo. Gumba linatembea chini, kidole cha shahada kinaimba juu, na baina yao kuna nafasi ambayo mikono miwili tu imeiacha wazi kwa makusudi. Kwa mtindo huo alifika hadi tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969. Vizazi vilivyofuata vikagawana kazi: solo yake, mi-solo yake, akompa yake, besi yake. Na besi ya sebene haikupoteza tabia ya lile gumba. Haisukumi wakati wote. Inaruka, inanyamaza, inajibu, inaangukia pale ambapo ngoma haikutarajia, na mpiga besi hodari anajulikana kwa noti alizoziacha. Msikilize mpiga besi Mpudi Decca na bendi ya TPOK Jazz halafu uniambie.

Sasa mpe mtu aliyelelewa hivyo nyuzi sita zilizo sawasawa kwa sauti, zisizo na noti iliyokufa, kwenye chombo kisichomwangukia. Niliacha kupiga kama mpiga besi. Nikaweka gumba kwenye la, shahada kwenye sol na do, nikaanza kupiga zile mbili kwa pamoja, polepole, namna ya zamani, ila oktava moja chini ya gitaa la Bosco. Mpiga solo alishusha gitaa lake. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa akipanga viti nyuma, akaja mbele akasimama. Kila uzi ulibaki na sauti yake. Ya chini haikuifunika ya juu, ya juu haikuwa nyembamba. Kwenye besi za nyuzi sita nilizowahi kuzigusa, do ile ya juu huwa inalia kivyake, imetengwa na wenzake. Hapa ilikuwa ndani ya familia. Rumba ya Kongo imeandikwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu Desemba 2021, na hayo ni mema, ila mimi nasema apatikane kijana mmoja wa Lualaba akae na chombo hiki mwaka mzima, na gumba la Katanga litaandikwa lenyewe.

Uzi wa si, niliahidi. Ukiupiga wazi unatoa mitetemo kama 31 kwa sekunde. Kwenye besi nyingi za inchi 34 uzi huo unalegea, unasikia mlio wa chuma zaidi ya noti. Ile inchi ya ziada inaukaza. Hapa si ni si, ina mwanzo na ina mwili, na ukiiziba kwa kiganja inapiga kavu, papo kwa papo, vile tunavyotaka kwenye sebene. Ninachosikitikia ni spika. Boksi la kwaya ni la inchi 12 na halina uwezo wa kutoa mitetemo 31. Tulichosikia zaidi ni vivuli vya juu vya noti, sikio likaijaza iliyobaki. Tuipeleke nganda, kwenye maboksi makubwa, tuone ukuta wa nani utabaki.

Umeme ulikatika katikati, bila shaka. Jenereta likawashwa, na hapo ndipo magitaa mengi huanza kunguruma yenyewe. Hii ilinyamaza. Pikapu zake, vile vinasa-mtetemo vilivyolala chini ya nyuzi, zina koili mbilimbili zilizopangwa kinyume, kelele ya moja inaifuta ya nyingine, ya uzi inabaki. Na ndani ya koili ni nini? Shaba! Waya mwembamba kuliko unywele, kama sehemu 6 za mia za milimita, umezungushwa maelfu ya mara. Ukiufumua kutoka pikapu moja ya besi unaweza kupita kilomita nzima. Sumaku zake, mwenyewe ananiambia, ni alniko: alumini, nikeli, na kobalti, ambayo katika alniko ya namba 5 inakaribia robo ya uzito. Shaba na kobalti. Katika Kolwezi! Malori yanapita usiku kucha mbele ya kanisa hilo yakielekea Likasi na mpakani, yamebeba vitu viwili hivyohivyo. Na wenge ni mti wa misitu ya bonde la Kongo, kaskazini mwa nchi hiihii. Siwezi kukuthibitishia kwamba chembe hizo zilitoka mgodi wetu wa Kamoto na si kwingineko, wala kwamba ubao huo ulikatwa upande wetu wa mto. Lakini ukiacha maple ya shingoni, kuanzia mti hadi sumaku, hakuna kitu muhimu ndani ya gitaa hili ambacho nchi yetu haina, isipokuwa karakana. Na hilo liliniuma hata nilipokuwa natabasamu.

Mafundi mbao tunao. Mukula nao tulikuwa nao, ule mti mwekundu wa miombo yetu uliokatwa ovyo ukavushwa kwa malori mpaka ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 2019. Ni ndugu wa padauk ambao mafundi wa besi duniani wanaupenda sana. Uso wa mukula juu ya bega hili, wekundu ule, na nyuma muninga! Nimeshauchora kwenye daftari. Kwa ubao uliokatwa kwa halali, tafadhali.

Kasoro? Zipo, na sizifichi. Ni nzito. Bega ni mbao ya ziada, na wenge si mti wa mchezo. Mkanda mwembamba utakukata, nunua mpana wa ngozi. Shingo ya nyuzi sita ni pana, na mwenye vidole vifupi ataanza kwa kulalamika. Betri ya volti 9 iliyo nyuma, ya kulisha saketi ya sauti, ikiisha, sauti inakatika ghafla, kwa hiyo weka ya akiba kwenye begi. Kiangazi chetu kikavu, Mei mpaka Septemba, kitaisogeza shingo. Jifunze kuukaza na kuulegeza ule ufito wa chuma wa ndani ya shingo, robo mzunguko kwa mara moja, usimpe mtu asiyejua. Na bei, mama yangu. Zile za Brooklyn zinaweza kupita dola 10,000. Za viwanda vya Asia ziko mbali chini ya hapo, na bado ni pesa ya kuuza kitu.

Anayenunua ya kwanza achukue ya nyuzi tano. Umbo ni lilelile, bega lilelile, uzito umepungua, shingo imepungua, si ya chini unayo. Aisimamishe kwa mkanda dukani na kuachia mikono kabla hajauliza bei. Ikianguka kichwa, bega lake ni pambo tu, airudishe. Apige do ya freti ya 5 kwenye uzi wa sol na kuisikiliza mpaka mwisho. Aigeuze atazame nyuma: wapo wanaouza mwili wa mkato mmoja wenye shingo ya skrubu na kisigino kinene, na hapo umelipia sura bila mkono.

Nyuzi sita za urefu huu hazipo madukani Kolwezi, zinaagizwa Lubumbashi au kwa mtu anayetoka Johannesburg, na ni lazima useme inchi 35, la sivyo utaletewa fupi. Wakati unasubiri, zile zilizochoka zitoe, zichemshe kwenye sufuria dakika kumi, uzikaushe kabisa kwa kitambaa na kuzirudisha. Zitakupa Jumapili mbili tatu za kung'aa. Tumia sufuria ya zamani, na umwombe mwenye jiko kwanza.